Saini ya Anwani na Saini ya Kikomo: Uhakiki wa Ukusanyaji wa Picha Zenye Majina ya E. S. Tingatinga na George Lilanga, kwa Mtazamo wa Mkula, Kilombero

Uhakiki mwingi wa picha za Tingatinga huanzia pembeni mwa picha. Mhakiki hutazama kwanza kona ya chini, husoma jina lililoandikwa hapo, kisha huuliza kama limeandikwa na mkono wa mwenye jina. Jibu likiwa ndiyo, chui na ndege waliomo katika picha huanza kuzungumziwa kama kazi ya sanaa. Likiwa hapana, chui wale wale na ndege wale wale huitwa bidhaa za watalii. Swali hilo ni la haki kwa mtu anayetoa fedha zake. Si swali la kwanza la uhakiki, na makala hii inakusudia kuonesha hasara iliyopatikana kwa kulifanya la kwanza.

Hoja yenyewe ni hii. Saini katika sanaa iliyozaliwa mtaani hufanya kazi mbili ambazo hazifanani. Yaweza kuwa anwani: inamweleza mtazamaji aliyependezwa aende kwa nani ili naye achorewe. Yaweza pia kuwa kikomo: inamhakikishia mnunuzi kwamba nakala za kazi hiyo ni chache na hazitaongezwa. Wakusanyaji wa picha za Tanzania, hasa wale wa ng'ambo, wamezoea kuisoma saini ya anwani kana kwamba ni saini ya kikomo. Kwa sababu hiyo wachoraji waliorudia kazi zao na za walimu wao kwa uadilifu wameitwa waghushi, na waghushi wa kweli wamepata kichaka cha kujificha kati yao.

Mtazamo kutoka Mkula

Yafaa kueleza kwa nini uhakiki wa picha zilizouzwa Oyster Bay, Dar es Salaam, unatazamwa kutoka Mkula. Kijiji hiki kipo chini ya milima ya Udzungwa, kati ya Kidatu na Mang'ula, katika njia iendayo Ifakara. Reli ya TAZARA inapita bondeni humo, na mashamba ya miwa yametanda upande wa tambarare. Mkula haina jumba la maonyesho wala mnada wa picha. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa. Mahali ambapo hakuna mkusanyaji wa picha, mtafiti hupata kuona jina lililoandikwa juu ya picha linafanya kazi gani pale ambapo halimtumikii mkusanyaji.

Kazi za sanaa zenye majina ambazo mkazi wa bonde hili huishi nazo kila siku ni za aina tatu hivi. Kuna mabango yaliyochorwa kwa mkono kwenye kuta za vinyozi, saluni, vilabu na maduka ya dawa za kilimo. Kuna kanga. Kuna pia kalenda na mabango ya karatasi yanayopamba kuta za sebule, yenye sura za viongozi, timu za Simba na Yanga, au misikiti na picha za Bikira Maria. Aina hii ya tatu sitaizungumzia kwa kirefu. Jina lililopo chini yake kwa kawaida ni la mchapaji au mfanyabiashara anayejitangaza, na aliyepiga au kuchora picha hatajwi.

Bango la kinyozi ndilo lenye mafunzo. Lilichorwa kwa rangi ya mafuta, pengine juu ya lipu iliyopakwa chokaa, pengine juu ya bati au ubao. Vichwa vya vijana vimepangwa kwa safu, kila kimoja na mtindo wake, na kila mtindo una nambari ili mteja aseme anataka upi. Kwenye kona fundi ameandika jina lake la kisanii na nambari ya simu. Hiyo ndiyo saini yake, na haikusudii kuzuia chochote. Fundi hatamani bango hili liwe la pekee duniani. Anatamani mwenye kibanda cha Sanje au Kiberege alione, alipende, apige simu, achorewe lingine linalolingana nalo. Mteja akisema anataka kama lile la jirani yake, fundi amesifiwa. Hakuna anayeona kwamba bango la pili limelipunguzia thamani la kwanza.

Ifahamike pia kwamba saini ya namna hii ina manufaa ya kitaaluma ambayo watafiti hawajayatumia vya kutosha. Nambari za simu za mkononi nchini zilibadilishwa vianzio katikati ya miaka ya 2000, ambapo 0744 ya Vodacom, kwa mfano, ikawa 0754. Bango lenye kianzio cha zamani limejiandikia umri wake, ilhali fundi hakukusudia kuweka tarehe. Saini nyingi za wachoraji mashuhuri hazitupi hata hilo.

Kanga inaleta jambo gumu zaidi, kwa kuwa kanga ni chapa kwa maana kamili ya neno. Ina pindo, ina mji, ina jina, na hutolewa kiwandani kwa maelfu. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887, ilizoeleka kuchapa kwenye ukingo wa kanga zake herufi K.H.E. pamoja na maneno Mali ya Abdulla. Wanawake wa mwambao na wa bara waliyatafuta maneno hayo dukani kabla ya kulipa. Tuseme basi kwamba hapa pana kazi ya sanaa yenye saini, yenye nakala nyingi mno, na yenye wakusanyaji. Kwani mama anayehifadhi doti zake sandukuni, baadhi hazijakatwa wala kushonwa pindo, akijua ipi alipewa katika harusi na ipi aliinunua msibani, ni mkusanyaji asiyepungukiwa na sifa yoyote isipokuwa kuitwa hivyo. Kwake yeye saini ya Abdulla ni ushahidi wa ubora wa kitambaa na rangi. Wingi wa nakala haumsumbui. Kinyume chake, kanga aliyonayo yeye pekee isingeweza kuvaliwa sare na wenzake.

Watahini huenda wakauliza kama ni halali kulinganisha kanga na picha ya ubaoni. Jibu la makala hii ni kwamba ulinganisho huu ulikwishafanywa na wachoraji wenyewe. Picha ya Tingatinga inayojaza mandhari yote kwa mnyama mmoja katikati na mapambo yanayomzunguka ina ukoo wa karibu na mji na pindo kuliko na mchoro wowote wa Ulaya ambao mnunuzi wa Oyster Bay angeuning'iniza kando yake.

Jina la Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, mkoani Ruvuma. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam na kufanya vibarua mbalimbali, ikiwemo kazi za nyumbani kwa Wazungu. Alianza kuchora mwaka 1968. Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyopatikana dukani kwa mtu asiye na kitu: vipande vya hadibodi vya mraba na rangi za mafuta zinazopakwa kwenye baiskeli na milango. Picha aliziuza nje, karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mbele ya wapita njia. Kampuni ya umma iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) ikaanza kununua kazi zake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Kazi yake yote ya uchoraji ilidumu takriban miaka minne.

Miaka minne ni michache, na soko halikukubali ibaki michache. Tayari akiwa hai alikuwa na vijana aliowafundisha, wengi wao ndugu au watu wa kwao Tunduru: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kaspar Henrick Tedo na Simon Mpata. Baada ya kifo chake wao na waliowafuata waliendelea kuchora mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule wa ubao, na hatimaye mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina la Tingatinga. Katika mchakato huo jina la mtu likawa jina la mtindo, jina la chama na jina la bidhaa. Kwa msikilizaji wa bonde la Kilombero jambo hili halikosi kichekesho, kwa sababu huku kwenye miwa tingatinga ni mtambo wa kulimia. Ukitamka jina la msanii pasipo kueleza, utaulizwa linakodishwa kwa ekari shilingi ngapi.

Wahakiki wa nje walipoanza kuliandikia somo hili kwa uzito, na kitabu cha Tine Thorup na Cuong Sam kilichotoka Denmark mwaka 2010 kiliuliza hata katika anuani yake kama picha hizi ni takataka za kitalii au ni sanaa bora, sehemu kubwa ya bidii yao ilielekezwa kwenye kutenga. Zitengwe picha za mwalimu na za wanafunzi. Za wanafunzi wa kwanza na za waliokuja baadaye. Zenye jina sahihi na zenye jina la uongo. Bidii hiyo haipaswi kubezwa. Bila hiyo tusingejua kuwa January Linda ana jicho lake na Mpata ana lake. Hata hivyo kutenga huko kumechanganya mambo matatu ambayo yeyote aliyelitazama bango la kinyozi kwa makini angeyatofautisha.

La kwanza ni kurudia umbo. Mchoraji anamchora chui aliyechorwa na mwalimu wake, kwa pozi lile lile, kisha anaandika jina lake mwenyewe. Huyu hajaghushi. Amefanya kile anachofanya fundi wa mabango mteja anapotaka kama lile la jirani. Ubora wa chui wake upimwe kwa mkono wake: kama mstari umekwenda kwa uhakika, kama rangi imepandishwa kwa subira, kama mnyama anatazama au amechorewa macho tu. Mohamed Charinda na Jaffary Aussi, waliotokea katika mkondo huu, walifika mbali na chui wa mwalimu. Charinda alichora visa vya kijiji na historia, Aussi akajulikana kwa mashetani. Wasingefika huko kama kurudia kungehesabiwa dhambi tangu mwanzo.

La pili ni kulitumia jina Tingatinga kama jina la ukoo wa kisanaa, pamoja na jina la mchoraji au bila hilo. Hapa pana utata, lakini ni utata wa kawaida wa karakana. Mwenye kuandika jina la mwalimu wake kando ya lake anasema ametoka wapi. Walau kwa mnunuzi wa papo kwa papo, aliyesimama mbele ya mchoraji akimwona ameshika brashi, hakuna aliyedanganywa kwamba mchoraji huyo ni marehemu.

La tatu ni kuandika E. S. Tingatinga kwenye picha iliyochorwa baada ya 1972 na kuiuza kama kazi ya marehemu. Hili ni udanganyifu, na umasikini wa aliyefanya haubadili jina lake. Ila ni lazima kuuliza pia ni nani aliyelifanya jina hilo liwe na bei tofauti kwa ubao uleule na rangi ileile. Mchoraji wa barabarani alitambua kwamba mgeni hatazami chui, anatazama kona. Akampa kona aliyoitaka. Mkusanyaji anayelalamikia saini za uongo, naye alikuwa amekataa kununua picha nzuri yenye jina asilolijua, analalamikia bidhaa aliyoiagiza mwenyewe. Kauli hii ni kali, na haiwahusu wanunuzi wote. Wapo waliokaa na wachoraji miaka mingi, wakajifunza majina yao, wakayaandika. Lakini wao ndio wachache, na sehemu kubwa ya kazi za mwanzo iliondoka nchini mikononi mwa wageni kabla haijaandikwa popote nani alishika brashi.

Lilanga na picha za kuchapwa

Kwa George Lilanga mambo yanageuka, kwa sababu Lilanga alifanya kazi katika mbinu mbili ambazo kila moja ina desturi yake ya saini. Alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, akakulia katika uchongaji wa Kimakonde, kisha akafika Dar es Salaam na kuajiriwa Nyumba ya Sanaa, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Inafahamika kwamba aliingia pale kama mlinzi. Watu wake wenye matumbo ya mviringo, masikio makubwa na vidole vichache, wanaosukumana, wanaobebana na kunong'onezana, walitoka katika mashetani ya uchongaji wakaingia kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye batiki, kwenye ubao, na kwenye karatasi za kuchapa. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington.

Nyumba ya Sanaa ilifundisha uchapaji wa picha kwa bamba la chuma linalochorwa na kuliwa na tindikali. Robino Ntila naye alipita katika shule hiyo. Bamba hupakwa wino, hufutwa, hubanwa juu ya karatasi yenye unyevu. Kila mara linapobanwa huchakaa kidogo, mistari miembamba hufifia, na baada ya nakala kadhaa picha si ile tena. Ndiyo maana katika desturi ya uchapaji huu msanii huandika kwa penseli chini ya picha nambari mbili, ya nakala hiyo na ya nakala zote, kisha hutia saini. Saini ya kikomo, kwa hiyo, ina maana halisi mbele ya chuma kinachochakaa. Mitambo ya kuchapa ilipoweza kutoa nakala elfu kumi bila mstari kufifia, kikomo kikawa makubaliano matupu.

Hapa basi, kwenye karatasi za Lilanga zenye maandishi ya penseli, mkusanyaji ana haki ya kuuliza swali lake la kona. Msanii alitoa ahadi, na ahadi hupimwa. Tatizo ni kwamba swali hilohilo limehamishiwa kwenye picha zake za rangi za miaka ya mwisho, ambazo zilitokana na desturi nyingine kabisa. Lilanga aliugua kisukari, akakatwa miguu, na hadi alipofariki mwaka 2005 alikuwa akifanya kazi na wasaidizi, baadhi yao ndugu zake, waliojaza rangi katika michoro yake. Katika uchongaji wa Kimakonde hakuna asiyejua kwamba kijana huanza kwa kusugua kinyago cha mzee. Picha iliyochorwa na Lilanga, ikajazwa rangi na mjukuu, ikatiwa jina la Lilanga, ni picha ya karakana ya Lilanga. Yapo maswali ya ubora: picha nyingi za wakati ule zimejaa watu waliopangwa kwa mazoea, rangi zikishindana bila sababu, na mhakiki hapaswi kuogopa kusema kwamba karatasi ndogo za rangi nyeusi za miaka ya nyuma zina nguvu kuliko nyingi za hizo kubwa. Lakini hukumu hiyo ya jicho haihitaji neno ghushi.

Jambo jingine katika bei ya Lilanga ni jina la Keith Haring. Imekuwa desturi, katika maelezo ya wauzaji, kudai kwamba Haring, msanii wa New York aliyeanza kuchora kwa chaki kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mwaka 1980, aliathiriwa na Lilanga. Ushahidi unaotolewa aghalabu ni mfanano: mistari minene, watu wasio na sura maalumu, mandhari isiyo na nafasi tupu. Mfanano ni mwanzo wa utafiti, na hauwezi kuwa mwisho wake. Kinachoshangaza zaidi ni mwelekeo wa dai lenyewe. Linaonekana kumheshimu Mtanzania, ilhali linamfanya athaminiwe kwa kutajwa pamoja na Mmarekani, kana kwamba karatasi yake inahitaji saini ya pili isiyoonekana ili iuzwe. Mhakiki wa Kiswahili anayelirudia bila kulichunguza anafanya kazi ya dalali.

Haring mwenyewe, kwa kinaya, alielewa saini ya anwani kuliko wakusanyaji wake. Mwaka 1986 alifungua duka New York akauza mabango, fulana na vibandiko vya michoro yake kwa bei ambayo kijana wa mtaani angeweza kuilipa, akikosolewa kwamba anajishusha. Alifariki mwaka 1990. Mwaka 2012 taasisi inayosimamia urithi wake iliacha kuthibitisha uhalisi wa kazi zinazoletwa kwake. Banksy wa Uingereza alichukua njia tofauti. Tangu 2008 ana ofisi inayotoa vyeti kwa chapa zake, na picha aliyoichora ukutani bila ruhusa kwa kawaida haipewi cheti. Yaani mtaa ulioizaa sanaa umeachwa nje ya hati, karatasi ya dukani ndiyo iliyoandikishwa. Wakusanyaji wa mabango yaliyosainiwa huona hili ni utaratibu mzuri. Kwa biashara yao, ni kweli.

Mfano wa Lubumbashi

Ili hoja isionekane kuwa ya Tanzania peke yake, yafaa kumtaja Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947 na kusema Kiswahili cha Lubumbashi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alinunua kwake, kati ya 1973 na 1974, mfululizo wa picha zaidi ya mia moja zinazosimulia historia ya nchi yake, na mazungumzo yao yakachapishwa mwaka 1996. Kabla na nje ya mfululizo huo, Tshibumba aliishi kwa kuwauzia majirani, wafanyakazi wa migodi na makarani, picha walizotundika sebuleni. Picha zile zile zilichorwa tena na tena kwa kadiri zilivyotakiwa, naye akaandika jina lake kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali.

Watu wa Lubumbashi waliziita picha hizo ukumbusho. Thamani yake ilikuwa katika yale yanayorudi akilini mwa baba wa nyumba anapoitazama askari wa enzi ya Wabelgiji akisimamia viboko. Kwamba jirani naye anayo ya namna hiyo, kulizidisha ukumbusho. Fabian alipozikusanya pamoja alizifanya kuwa kumbukumbu ya kitaaluma, na tunamshukuru, kwa sababu baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakujulikana tena alipo. Hata hivyo isisahaulike kwamba mkusanyiko maarufu kuliko yote wa mchoraji huyu ni ule ulioagizwa na msomi wa kigeni. Mikusanyiko ya sebuleni, iliyotangulia, haikupata mwandishi.

Sheria na daftari la mtafiti

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, ilitungwa ikilinda haki za msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa michoro ya Edward Tingatinga ulifikia ukomo mwishoni mwa 2022. Familia ambayo baba yake alikufa na soko likitajirika kwa jina lake ilibaki na haki ambayo, katika muda wote huo, ingekuwa vigumu kuidai bila orodha ya kazi zilizothibitishwa. Na orodha ya namna hiyo, kadiri ilivyowezekana, ilijengwa na wakusanyaji walioishi nje, kwa haja zao. Kuisha kwa muda wa sheria kunaruhusu chui arudiwe. Hakumruhusu mtu amwambie mnunuzi kwamba chui huyo alichorwa mwaka 1970.

Lilanga bado yumo ndani ya muda, na wachoraji wengi wa ushirika wapo hai. Kwao kosa la kuchanganya saini mbili lina gharama ya leo. Mchoraji aliyeitwa mnakili hapati kuandikwa jina katika maonyesho, haombwi idhini picha yake inapowekwa kwenye fulana au kikombe, na akidai, huambiwa kwamba ule ni mtindo wa Tingatinga, hauna mwenyewe. Katuni za televisheni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuoneshwa Uingereza mwaka 2010, zilipeleka mtindo huo kwa watoto wa nchi nyingi. Mtazamaji wa kawaida hakupata njia ya kujua ni wachoraji gani walio hai ambao macho yake yalikuwa yakiwatazama.

Kwa hiyo daftari la mtafiti anayeorodhesha picha hizi lisiwe na safu moja ya msanii. Liwe na nafasi ya aliyebuni umbo, ya aliyejaza rangi, na ya aliyeandika jina, ambao huenda ni watu watatu. Liandike mahali picha ilipouzwa na kama aliyenunua alimwona mchoraji. Pale saini ilipo, iandikwe kama ilivyo, herufi kwa herufi, na kando yake ielezwe kama inadai kikomo au inatoa anwani. Maktaba za vyuo vyetu zinapopokea kalenda, kadi na mabango ya karatasi ya maonyesho ya zamani, zisiyatupe kwa sababu hayana saini ya penseli. Mara nyingi ndiyo mahali pekee ambapo jina la mchoraji fulani lilichapwa katika uhai wake.

Kwenye njia ya Mkula kazi hii ina haraka yake. Vibanda vinavyojengwa sasa hutundika mabango ya plastiki yaliyochapwa kwa kompyuta, yenye picha za vijana waliopigwa picha nchi nyingine. Kona ya chini bado ina jina na nambari ya simu, ila ni za duka la uchapaji. Ukuta wenye vichwa vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta hupakwa upya kila msimu wa mauzo ya miwa au mpunga, na fundi aliyeuchora, kama nambari yake bado inasomeka, anapatikana leo kwa kupigiwa simu.